Sauti Juu ya Picha

Kwa miaka mingi kijana wa bara aliyetaka kuwafuata Rambo na Jackie Chan alihitaji kwanza kumsikiliza Lufufu. Derek Gaspar Mukandala, ambaye Tanzania nzima ilimjua kwa jina hilo la Lufufu, alizitafsiri filamu za kigeni kwa kinywa chake mwenyewe. Sauti yake ilikaa juu ya sauti za waigizaji, na kazi zake zikasafiri kwa kanda, kisha kwa CD, hadi kwenye mabanda ya video ya mikoani. Hakutafsiri neno kwa neno. Alimweleza mtazamaji stelingi anaelekea wapi, adui amejificha wapi na mama mtu analilia nini, na palipokuwa kimya alipajaza. Baada yake walikuja wengine, akiwamo DJ Mack, na mpaka leo muvi iliyotafsiriwa ni bidhaa ya kawaida kwa vijana wanaowaingizia wateja filamu kwenye flashi.

Singida ni mahali pazuri pa kuutazamia urithi huo. Ni mkoa ulioanzishwa mwaka 1963, na sensa ya 2022 iliwahesabu humo watu 2,008,058, wengi wao wakulima wa alizeti, vitunguu, mtama na uwele, na wafugaji. Kumbi za sinema za kisasa ziko mbali, katika miji kama Dar es Salaam na Arusha. Filamu hufika hapa kwa king'amuzi, kwa simu, kwa flashi, kwa banda umiza, na kwa skrini iliyofungwa mbele ya abiria katika basi la Mwanza linalopita Manyoni, Ikungi, Singida mjini na Shelui. Abiria hachagui cha kutazama. Konda akiweka muvi ya mapenzi na machozi, basi zima linatazama mapenzi na machozi mpaka kituo cha chakula.

Safari ya kinyume, yaani picha kutoka Singida kwenda kwenye skrini, ni nadra. Mwaka 2015 Wema Sepetu, Miss Tanzania wa 2006 aliyeingia kwenye uigizaji pamoja na marehemu Steven Kanumba katika A Point of No Return, alikuja Singida kuomba ubunge wa viti maalumu kupitia CCM, akaangushwa katika kura za maoni. Nyota alifika. Kamera za Bongo Movie kwa sehemu kubwa zilibaki Sinza, Mikocheni na Mbezi, katika nyumba zenye geti na sebule zenye makochi makubwa.

Ndiyo maana sura hii inazipima filamu sita kwa swali moja. Ni nani anayezungumza juu ya picha, na je, anawaachia nafasi wale wanaoonekana ndani yake? Kwa watu waliolelewa na sauti ya mtafsiri, na ambao wenyewe huonekana kwenye filamu mara chache, swali hilo linatangulia lile la kama kamera ilikuwa nzuri au mwigizaji alilia vizuri.

Gari la sinema

Lufufu hakuwa wa kwanza kuiwekea picha sauti ya mtu mwingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Mwingereza Leslie Notcutt, aliyekuwa amewahi kusimamia mashamba makubwa Afrika Mashariki, aliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Mradi ulitengeneza filamu 35. Zilifundisha kulipa kodi, kuweka akiba posta, kujikinga na minyoo ya safura. Waigizaji walikuwa Waafrika, lakini maneno hayakutoka vinywani mwao. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, katika lugha mbalimbali, yakapigwa sambamba na picha. Mkulima alionekana akilima, na mtu mwingine alieleza kwa nini analima vibaya.

Uhuru ulibadilisha mwenye sauti, lakini mpangilio haukubadilika sana. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa 1968, na filamu yake iliyojulikana zaidi, Fimbo ya Mnyonge ya miaka ya 1970, ilimtoa mkulima asiye na ardhi kijijini, ikampeleka mjini alikoteseka, ikamrudisha katika kijiji cha ujamaa alikopata heshima. Nia yake ilikuwa njema, na kwa nchi iliyokuwa ikijijenga ilikuwa na maana. Hata hivyo, mtazamaji aliujua mwisho mapema, kwa kuwa mhusika hakuwa na njia nyingine ya kuchagua.

Ukiiweka historia hiyo nyuma yake, thamani ya Lufufu inaonekana zaidi. Yeye naye alizungumza juu ya watu wengine, lakini hakumfundisha mtazamaji wake. Alikaa upande wake wa benchi. Stelingi alipochelewa kumwona adui nyuma ya mlango, Lufufu alishtuka pamoja na banda zima. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba sauti juu ya picha ni mbaya au nzuri. Lazima ijulikane inasimama upande wa nani.

Kijiji kinachojitengenezea filamu

Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina, inaanzia hapohapo. Jo, msichana wa miaka tisa anayeigizwa na Stycie Waweru, ana ugonjwa usiopona. Mama yake anamtoa hospitali ili siku zilizobaki azimalizie nyumbani. Jo anapenda filamu za mapigano na mashujaa wanaoruka angani, na dada yake, Mwix, anaamua kwamba mtoto atakayekufa hapaswi kufungiwa chumbani akisubiri. Anamshawishi kwamba ana nguvu za ajabu. Kisha anakiomba kijiji kisaidie kuzifanya nguvu hizo zionekane kweli, na mwishowe watu wote wanaingia katika kazi ya kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye stelingi wake.

Uzuri wa filamu hii, ya dakika 74 tu, hauko katika huzuni yake. Uko katika jinsi inavyoonyesha kazi ya kutengeneza sinema kama kazi ya kijiji. Kuna mtu wa banda la video, kuna mavazi yanayoshonwa, kuna majirani wanaogombania nani aigize nini. Yeyote aliyewahi kuona kijiji kikijiandaa kwa harusi anaitambua ile hali ya kila mtu kuwa na kazi na kila mtu kuwa na maoni. Watoto waliokuwa wakitazama picha za Hong Kong wanashika kamera, na picha inayotoka ni yao.

Udhaifu upo. Muziki mara nyingi unamtangulia mtazamaji, unamwambia alie kabla moyo wake haujafika hapo. Mama wa Jo, ambaye ni mkunga na ndiye mwenye uamuzi mgumu kuliko wote, anastahili muda mrefu zaidi wa kukaa peke yake na kamera. Mtu anayewasaidia wanawake wengine kujifungua huku mwanawe anamtoka ni mhusika wa kutosha filamu nzima. Lakini Supa Modo ilikwenda tamasha la Berlin, ikatambuliwa na majaji watoto, na ilistahili. Inawachukulia watoto kama watazamaji wanaojua kifo ni nini.

Nyundo na jiwe

Filamu inayofuata ina miaka zaidi ya 30 na haipatikani kwa urahisi kwenye flashi za stendi. These Hands ya Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania, ilitoka mwaka 1992. Ina dakika 45. Inaonyesha wanawake wanaogonga kokoto katika machimbo ya Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji. Nyundo inapanda, inashuka. Jiwe kubwa linakuwa jiwe dogo, jiwe dogo linakuwa kokoto. Mtoto yuko kando. Wanawake wanaimba, wanapumzika, wanarudi kwenye nyundo.

Hakuna msimulizi. Hakuna mtaalamu anayeeleza umaskini ni nini.

Kwa mtu wa Singida, filamu hii si ya mbali hata kidogo. Mji wa Singida umekaa katikati ya mawe ya matale, mengine yamesimama ukingoni mwa ziwa Singidani na ziwa Kindai, mengine yako nyuma ya nyumba za watu. Wageni huyapiga picha wakati wa machweo. Wenyeji wanajua kwamba mawe hayohayo ni ajira. Wanawake hukaa chini ya kivuli cha turubai au cha mti, hugonga, hulundika, husubiri tipa ije. Aliyeshika nyundo anajua jiwe lipi lina mshipa wa kupasukia na lipi litamrushia vipande usoni. Ujuzi huo hauonekani katika taarifa za maendeleo. Katika filamu ya M'mbugu-Schelling unaonekana, kwa sababu kamera inakaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha mtazamaji auone.

Kuna watakaosema filamu ya nyundo na jiwe inachosha. Ni kweli kwamba baada ya dakika kumi mwili wa mtazamaji unaanza kutaka kitu kingine. Hilo ni jambo ambalo mwongozaji alilitaka, na ndipo penye nguvu ya kazi yake. Anayechoka kwa dakika kumi za kutazama anaanza kuhesabu ni saa ngapi yule mama ameketi pale, na ni siku ngapi zimepita tangu aanze. Hotuba isingefanya hivyo. Wakati maelezo machache ya kuandikwa yanapokuja, mtazamaji tayari ameshawafahamu wanawake hao kwa mikono yao.

Kati ya filamu sita za sura hii, hii ndiyo iliyotengenezwa kwa vitu vichache zaidi na ndiyo inayokaa moyoni muda mrefu zaidi. Ingestahili kuonyeshwa kwenye ukuta mweupe katika mtaa wowote wa Singida wenye machimbo. Wagonga kokoto ndio wangepaswa kukaa mstari wa mbele, kwa sababu wao wangeona ndani yake mambo ambayo wahakiki hawawezi kuyaona.

Kitabu cha darasani

Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wa Singida, kama wenzao nchi nzima, wameisoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwa ajili ya mtihani. Wanamjua Yasmin, binti wa Kihindi anayeozwa kwa Bwana Raza, mume mwenye umri wa kumzaa. Wanamjua Mwajuma anayempokea. Wanamjua Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi Unguja kuupinga ukoloni. Kwa hiyo Amil Shivji alipoitoa filamu ya riwaya hiyo mwaka 2021, alikuwa na watazamaji waliokuwa na Yasmin wao kichwani. Ilianza kuonyeshwa katika tamasha la Toronto, na mwaka uliofuata ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania katika kuwania tuzo za Oscar, jambo lililokuwa limefanyika mara moja tu kabla ya hapo, kwa Maangamizi ya mwaka 2001.

Shivji amefanya uamuzi wa ujasiri, nao ni kupunguza maneno. Riwaya ya Shafi ina mazungumzo mengi, vituko, misukosuko ya polisi na watu wanaotaniana barazani. Filamu imeondoa sehemu kubwa ya hayo na kuweka badala yake vichochoro, vivuli, mwanga unaopenya dirishani na taarabu. Ikhlas Gafur Vora, akiwa Yasmin, anaeleza mengi kwa namna anavyokaa na anavyosimama. Katika nyumba ya mumewe mwili wake umejikunja, na kwa Mwajuma, anayeigizwa na mwanamuziki Siti Amina, mabega yanashuka na pumzi inarudi. Badiliko hilo linaeleweka bila kutamkwa.

Denge ndiye aliyepoteza. Gudrun Columbus Mwanyika anampa sura na mwendo wa mtu anayewindwa, lakini filamu haimpi nafasi ya kutosha kufikiri mbele yetu. Kwa nini kijana huyu yuko tayari kufungwa? Anaamini nini, na nani alimfundisha? Msomaji wa kitabu anaweza kuliziba pengo hilo kwa kumbukumbu. Abiria wa basi ambaye hakufika kidato cha tano atabaki na mwanaume mzuri anayekimbia usiku. Filamu iliyoogopa kuhubiri, na kwa sababu nzuri, imeogopa hata pale ambapo mhusika wake ni mtu wa siasa ambaye kazi yake ni kusema.

Pamoja na hayo, Kiswahili chake ni furaha kukisikia. Ni cha Unguja, kinapumua, hakijafanyiwa usafi kwa ajili ya mtu wa nje. Mnyaturu wa Ikungi aliyekisoma kitabu hicho kwa kamusi na maelezo ya mwalimu anakisikia Kiswahili hicho kwa mara ya kwanza kama watu wanavyokisema, na maneno yaliyokuwa ya mtihani yanageuka kuwa ya watu.

Wanawake wanne wa Dar

Binti, iliyoongozwa na Seko Shamte, nayo ilitoka 2021, na ndiyo iliyoifungulia filamu ya Kitanzania mlango wa Netflix. Inafuata wanawake wanne wa Dar es Salaam mmoja baada ya mwingine. Tumaini ana duka na ana matatizo yanayomwumiza. Angel anajiandaa kuolewa. Stella anatafuta mtoto na hapati. Rose anabeba uzito wa mtoto na ndoa.

Filamu ina faida ya kuandikwa na wanawake wanaojua wanachokisema. Maumivu ya Tumaini hayajapambwa, na hofu ya Angel kabla ya harusi imejengwa hatua kwa hatua, bila kelele za ghafla zilizozoeleka katika muvi za nyumbani. Sehemu ya Stella ndiyo bora. Maneno ya wakwe, maombi, ratiba za hospitali na ukimya wa chumbani vinamzunguka mpaka mtazamaji naye anakosa hewa.

Tatizo ni kwamba wanne ni wengi kwa saa moja na nusu. Kila tunapomzoea mmoja, tunaondolewa kwake. Na Dar es Salaam ya Binti, ingawa ni ya kweli, ni ile yenye hospitali ya karibu na gari la kumfikisha mtu huko. Mwanamke wa Mkalama asiyepata mtoto hupita katika maneno yaleyale ya wakwe, lakini safari yake ya matibabu huanza na pikipiki, kisha basi, kisha ndugu wa kumpokea mjini. Shamte hakutengeneza filamu kuhusu huyo, na si haki kumdai. Wanaopaswa kudaiwa ni wale watakaokuja nyuma yake kwa mlango alioufungua.

Wahadzabe na wataalamu wao

Katika Wilaya ya Mkalama, kaskazini-mashariki mwa mkoa, wapo Wahadzabe, hasa katika eneo la Munguli. Ni sehemu ya jamii ileile inayoishi kuzunguka ziwa Eyasi na bonde la Yaeda, upande wa Manyara na Arusha. Hakuna watu wa Singida waliopigwa picha na wageni zaidi ya jamii hii. Filamu ndefu iliyojulikana zaidi ni The Hadza: Last of the First, iliyotoka mwaka 2014 na kuongozwa na Bill Benenson wa Marekani.

Picha zake ni nzuri mno. Mwindaji anaifuata sauti ya ndege mwonyesha asali mpaka kwenye mbuyu. Wanawake wanachimba mizizi kwa vijiti vilivyochongwa na kuchomwa ncha, na wanacheka muda wote. Filamu inaeleza pia hatari iliyopo, yaani mashamba na mifugo inayoingia, na pori linalopungua. Hapo inatoa msaada wa kweli, kwa sababu wengi duniani hawajui kwamba haki ya ardhi ya Wahadzabe ni jambo la vikao, ramani na hati. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati za kimila za kumiliki ardhi yao kwa pamoja, matunda ya kazi ndefu ya wenyewe na ya mashirika yaliyosimama nao.

Lakini jina la filamu limeshaamua kila kitu. Kuwaita watu hawa wa mwisho kati ya wale wa kwanza ni kuwaweka katika wakati mwingine, nje ya mwaka ambao mtazamaji anaishi. Msimulizi na wasomi wanaeleza Mhadzabe anamfundisha nini mwanadamu wa leo kuhusu chimbuko lake, huku Mhadzabe mwenyewe akibaki kuwa ushahidi. Lugha yake yenye vidoko inasikika, inafuatiwa na maelezo, na mara nyingi maelezo ni marefu kuliko maneno yake. Katika Munguli kuna watoto wa Kihadzabe wanaokwenda shule, kuna wazazi wanaobishana kama shule inawafaa, kuna majirani Wanyiramba na Wasukuma wanaofanya nao biashara ya asali na mahindi. Hayo si mambo ya kale. Ni maisha ya mkoa mmoja wa Tanzania leo, nayo hayakuingia vya kutosha.

Inawezekana kabisa kutengeneza filamu nyingine mahali palepale. Ingemhitaji mtu anayekijua Kihadzabe, au aliye tayari kukaa mpaka akijue, na ingemwacha mwindaji aseme kwa kirefu anachokiona anapolitazama shamba jipya la vitunguu pembeni mwa njia ya pofu. Mtu huyo ana maoni kuhusu serikali, kuhusu watalii, kuhusu bei ya asali. Kamera haikumwuliza.

Msimu wa Desemba na chumba kisicho na ngoma

In the Name of Your Daughter ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Giselle Portenier wa Kanada, inahusu ukeketaji mkoani Mara. Inakwenda Serengeti wakati wa likizo ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa na ngariba wakiwa kazini. Wasichana wanakimbia usiku kwenda nyumba salama ya Mugumu inayosimamiwa na Rhobi Samwelly, ambaye yeye mwenyewe alikeketwa akiwa mtoto. Polisi wa dawati la jinsia, Sijali Nyambuche, anaingia vijijini na gari kuwatafuta wale wasioweza kukimbia. Msimu ukiisha wazazi wanaitwa, na kila msichana anasubiri kujua kama nyumbani kwao bado kuna nafasi yake.

Ni filamu ya kusisimua kwa maana halisi ya neno hilo, kwa kuwa saa inakwenda na mtoto yuko njiani. Portenier ameepuka kosa la kawaida la filamu za aina hii. Sauti kubwa ndani yake ni ya wasichana wenyewe, na baada yao ya Rhobi na Sijali, Watanzania wanaobishana na Watanzania wenzao katika lugha zao. Mzazi anayetetea mila anapewa nafasi ya kueleza hesabu yake. Binti aliyekeketwa huozwa kwa ng'ombe wengi zaidi, na ng'ombe hao ndio mahari ya kaka yake. Mtazamaji anachukia hesabu hiyo na bado anaielewa, na bila kuielewa hakuna atakayeivunja.

Mtazamaji wa Singida anaitazama kwa uchungu wa aina yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 31 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Singida walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 10. Mara ilikuwa 32, karibu sawa kabisa. Lakini picha za Mara haziwezi kupatikana Singida. Huku hakuna msimu. Hakuna ngoma, hakuna maandamano ya vijana barabarani, hakuna msichana wa miaka 12 wa kukimbia gizani. Katika sehemu nyingi za mkoa huu kitendo hufanywa kwa mtoto mchanga, ndani, na bibi au mwanamke anayejulikana na familia, na jirani anaweza asijue.

Sababu inayotolewa ni lawalawa. Mtoto wa kike akiwashwa au akipata uchafu sehemu za siri, au akilia anapokojoa, husemwa kwamba ana ugonjwa huo na kwamba dawa yake ni kukatwa. Wataalamu wa afya wamekuwa wakieleza kwa miongo sasa kwamba haya ni maambukizi ya kawaida ya uke na njia ya mkojo, yanayotibika kwa dawa za zahanati na usafi. Imani hiyo ilipata nguvu kuanzia miaka ya 1970, katika mikoa ya Singida na Dodoma, baada ya serikali kuanza kuibana mila ya kuwakeketa wasichana wakubwa hadharani. Kilichokuwa sherehe kikageuka kuwa tiba, na umri ukashuka. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inaharamisha kumkeketa aliye chini ya miaka 18, lakini inahitaji mtu wa kutoa taarifa, na aliyeumizwa hapa hajajua hata kusema.

Hapo ndipo filamu ya Portenier, pamoja na ubora wake wote, inapofikia mpaka wa inachoweza. Imejengwa juu ya ujasiri wa msichana anayekimbia. Kampeni nyingi zilizoonyeshwa vijijini zimejengwa juu ya picha hiyohiyo ya ngariba, kisu na umati, na mama kijana wa Singida anaweza kuitazama mpaka mwisho, akasikitika kwa dhati, na asijue kwamba inamhusu. Yeye haoni mila. Anaona mtoto anayelia na mama mkwe anayemwambia anajua dawa.

Filamu ya Singida ingelazimika kuingia katika chumba hicho. Ingehitaji kuzungumza Kinyaturu na Kinyiramba, kwa kuwa neno linalosemwa na bibi usiku halisemwi kwa Kiswahili cha mabango. Ingemfuata muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anayempima mtoto uzito, akaona kovu, na akatakiwa kuamua papo hapo aseme nini kwa mama aliyesimama mbele yake. Ingempa bibi muda wa kueleza anachokiamini na aliyemfundisha, bila kumfanya mnyama. Ingemwonyesha mama aliyemtibu mtoto wake kwa dawa ya zahanati, akapona kwa siku chache, na ambaye sasa jirani zake huja kumwuliza alifanyaje. Ingeficha nyuso na majina ya watoto wote.

Haihitaji fedha za Toronto wala Berlin. M'mbugu-Schelling alionyesha kinachowezekana kwa kamera inayojua kukaa, na siku hizi simu ya kawaida hurekodi picha safi. Inahitaji mwongozaji anayeaminiwa na wanawake wa Ikungi, Mkalama na Singida Vijijini kiasi cha kuruhusiwa kuketi nao jikoni. Huyo anaweza kuwa binti yao mwenyewe, aliyesoma uandishi wa habari Dodoma au Dar es Salaam na kurudi nyumbani likizo. Kwa mkoa ambao umezoea kuelezwa, hiyo ndiyo filamu inayohitajika kabla ya nyingine yoyote.